Punda Aliyeota Mkia

Jumanne, 4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Nakuomba kwa heshima ya marehemu mama yangu, ambaye alikuwa dada yako, kwamba neno hata moja la barua hii lisitoke nje ya chumba hicho. Usimsomee mkaza mjomba. Usimsomee fundi viatu, ingawa najua mnakunywa chai pamoja kila asubuhi chini ya ukuta, na kwamba siri kwenu haijawahi kumaliza kikombe. Ukishasoma ichome, na majivu uyatupe chooni, si jalalani.

Naandika kwa sababu masikio yako hayashiki simu, na kwa sababu simu za hapa ofisini zina masikio mazuri kupita kiasi.

Gazeti la Jumamosi limetufikia. Umo, ukurasa wa tisa, umeshika brashi mbele ya ukuta ule mkubwa unaozuia kilima nyuma ya vyumba vyenu, na nyuma yako wanaonekana Bibi Mwenye Kifua, Mchukuzi, na Punda. Mkuu wa ofisi ameikata picha na kuibandika kwenye ubao wa matangazo, chini ya orodha ya likizo. Akasema, "Kumbe kuta zetu zinalea wasanii," na watu wakacheka. Unajua kwamba ofisi yetu ndiyo yenye dhamana ya kuta na madaraja. Hakuna anayejua kwamba wewe ni mjomba wangu. Sikusema. Nisamehe.

Nina maombi mawili. La kwanza, futa tarehe zote unazoandika kwenye kisigino cha kila picha. La pili, unapofuata picha upya kila baada ya mvua, unaacha mistari ya miaka ya nyuma ikiwa ndani ya ule mpya, kama nguo ndani ya nguo. Futa ile ya zamani yote, ubaki mmoja wa nje. Tafadhali usiulize sababu. Ukiuliza nitalazimika kusema uongo, na wewe sijawahi kukudanganya.

Gazeti linasema pia kwamba Punda ameota mkia ndani ya wiki tatu. Ni kweli, mjomba? Wiki tatu tu? Mkia wenyewe una upana gani? Kidole kinaingia?

Usijibu kwa anwani ya ofisi. Tumia sanduku la posta la mwenye nyumba wangu.

Mpwa wako.


Jumapili, 9 Machi

Kwa mpwa wangu, Bi Muhuri,

Marahaba. Marahaba mara mbili, maana barua yako ilikuwa na woga wa watu wawili. Nimefunga mlango kama ulivyoagiza. Mkaza mjomba wako akaingiza kichwa dirishani akanipigia kelele, "Wewe Mkaa, unajifungia mchana kweupe, una homa au una mwanamke?" Nikamjibu nina barua. Akasema, "Basi ni mwanamke." Nimeichoma, na majivu yamekwenda ulikotaka yaende.

Sasa nisikilize. Kufuta tarehe ya picha ni sawa na kumnyang'anya mtu siku yake ya kuzaliwa. Wewe umesoma, lakini kazi yangu hujaielewa, na kosa ni langu, sijawahi kukueleza nikiwa nimekaa. Nilipaka vibao vya maduka miaka thelathini. Nimeandika "Karibu Wateja" mara nyingi kuliko nilivyomkaribisha mgeni nyumbani. Zilipokuja mashine za kuchapa mabango nikabaki na brashi na mikono, nikawa naamka asubuhi kupiga mswaki na kuutazama ukuta, kwa kuwa hapa kwetu ukitoka mlangoni hakuna kingine cha kutazama. Siku moja ukuta ukanitazama na mimi. Alikuwa bibi, amejishika kifua, ana mvi za chokaa na gauni la ukungu wa kijani. Hakuchorwa na mtu. Nilimwita fundi viatu aje aone, akasema, "Mimi naona uchafu." Nikachukua mkaa jikoni nikamzungushia bibi mstari mmoja. Fundi viatu akavua kofia.

Hiyo ndiyo kazi, mpwa wangu. Mimi sichori, naonyesha. Ukuta una safu mbili za vitundu, na vitundu vinadondosha maji mwaka mzima. Maji yanakuja na chokaa, yanakuja na kutu, kuvu inayafuata, jua linapausha hapa na kuacha pale. Mimi huja saa mbili asubuhi, jua likiwa bado linapita kwa pembeni, nalowesha ukuta kwa brashi pana, halafu nangoja. Nikiona kitu nakifuata na mkaa, nisipoona narudi kunywa chai. Siongezi jicho pale ambapo ukuta haukutoa jicho. Na mvua zikiisha narudi, namkuta bibi amenenepa, Mchukuzi ameongezewa mzigo, nawafuata upya na kuandika tarehe. Fundi viatu anasema kama ningemfuata mke wangu kwa uangalifu huo, nyumbani kungekuwa na amani.

Umeuliza mkia. Miaka minne Punda alikaa bila mkia, wapangaji wakinicheka, "Mkaa, huyo mnyama wako nzi atawafukuza na nini?" Nikasema, ngojeni. Mwezi uliopita naamka, mkia huo! Unaanzia kitundu cha saba, unashuka kwa kujikunja, unaishia juu ya kiti cha fundi viatu. Ni mrefu kunizidi. Wiki ya kwanza kidole hakikuingia. Sasa cha shahada kinaingia hadi pingili ya pili, na fundi viatu amepata pa kuhifadhia sindano zake.

Tarehe nitafuta, maana umesema ni kazi yako. Lakini kabla sijagusa mistari, niambie jambo moja tu, na usinifunike maneno. Unaona haya kwa ajili yangu?

Mjomba wako,
Mkaa


Alhamisi, 13 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ndiyo. Naona haya.

Nimeandika neno hilo na sitalifuta, kwa kuwa nikilifuta nitakosa la kuanzia. Mwisho wa mwezi wanakuja wageni kutoka wizarani kukagua kazi za ofisi yetu, na mmoja wao ameiona picha ya gazeti na kuuliza ukuta huo uko wapi. Watu wa hapa wakitazama alama zako hawaoni bibi wala mchukuzi, wanaona ukuta mchafu usiotunzwa. Watauliza nani aliyeuchafua, na watauliza ni ndugu ya nani.

Nikwambie na hili, kisha usilirudie popote. Hapa kuna fomu ya ukuta wenu. Inajazwa kila miezi mitatu, na kila miezi mitatu inasema ukuta haujabadilika. Picha zako zinasema unabadilika, tena kwa tarehe. Fomu na picha haziwezi kuwa za kweli zote mbili, na mimi mshahara wangu uko upande wa fomu.

Kwa hiyo futa mistari. Na kama ipo namna yoyote ya kuzizuia hizo picha zisikue tena, zizuie. Wewe unazijua kuliko mtu yeyote, unajua zinatoka wapi. Sitaki kujua utafanyaje. Nataka tu wageni wakija wazikute zilivyo, na wakirudi mwakani wazikute vilevile.

Kuhusu mkia, kama unaweza kuufunika, ufunike.

Barua hii nayo ichome.

Mpwa wako.


Ijumaa, 21 Machi

Bi Muhuri wangu,

Marahaba. Imeungua. Kazi pia imeisha, na nitakueleza yote ili ulale usingizi.

Kumbe ukuta wetu una fomu! Miaka yote hii tunaishi chini yake, hatukujua kwamba kuna mtu anauandikia barua.

Tarehe na mistari niliifuta kwa brashi ya waya, siku mbili nzima. Mkaza mjomba wako alisimama mlangoni na futi yake ya ushonaji shingoni, akauliza, "Umegombana nao?" Nikamwambia nasafisha. Akasema, "Hujawahi kusafisha hata sahani," akarudi kwenye cherehani. Hakuuliza tena, na mke wangu asipouliza ujue ameshaanza kupima.

Kisha nikaketi nikijiuliza, picha inakula nini? Mtoto asipokula hakui. Nikakaa mbele ya bibi kuanzia asubuhi mpaka kivuli kikanikuta, ndipo nikajiona mjinga, maana jibu lilikuwa linanidondokea kichwani. Inakula maji. Vitundu ndivyo matiti yake.

Nimeviziba, mpwa wangu. Vyote hamsini na viwili, safu ya chini na ya juu. Nilisokomeza vipande vya gunia ndani kabisa kwa mpini wa jembe, halafu saruji juu yake, halafu nikasawazisha kwa mwiko. Fundi viatu alinishikia ngazi. Aliniuliza tunaziba nini, nikamwambia panya, akasema panya wa hapa wana haki zaidi ya wapangaji. Mkia wa Punda nao nimeujaza saruji, nikaupaka matope mepesi ulingane na ukuta. Hapo tu ndipo fundi viatu alinuna, kwa sababu ya sindano zake.

Sitakuficha, nilipomaliza safu ya juu sikushuka ngazi mara moja. Nimewaziba pua watu niliowaona wakizaliwa. Lakini ukuta ni ukuta, na wewe ni mtoto wa dada yangu. Kama sura yangu inakuharibia kazi, heri niiondoe kwa mikono yangu kuliko iondolewe na wageni.

Mvua imeanza juzi, na si ya utani. Ukuta hautoi hata tone. Umekauka kama mkate wa wiki iliyopita. Mimi na fundi viatu tunakaa tunautazama, kama watu waliozimiwa redio.

Waambie wageni waje.

Mjomba wako,
Mkaa


Alhamisi, 27 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata Jumatatu. Nilifurahi. Lazima nikiri hili, kwamba nilifurahi na nikalala usiku mzima, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu gazeti lile litoke.

Jana nilikuwa najaza fomu ya robo hii. Swali la nne linauliza, "Je, vitundu vya kutolea maji viko wazi?" Nimelijibu swali hilo kila mara: "Viko wazi, vinatoa maji vizuri." Mkono ukakataa kuandika. Nikamgeukia mzee mkaguzi, ambaye meza yake inatazamana na yangu, nikamuuliza kama mtu anayepoteza muda, "Mzee, hivi vitundu kwenye ukuta kazi yake ni nini?"

Alikuwa anapiga soga na mhudumu wa chai. Akasema bila hata kunitazama, "Mtoto, kilima kikinywa lazima kikojoe."

"Na kikizibwa?"

Akajaza mashavu hewa, akayashika kwa viganja viwili, kisha akayaachia. "Kitakojoa na ukuta wenyewe," akasema, na mhudumu wa chai akacheka, nami nikacheka pamoja nao. Kisha nikaenda stoo nikaketi juu ya maboksi.

Sasa nakueleza nilichopaswa kukueleza kwenye barua ya kwanza. Mzee mkaguzi ana magoti mabovu. Siku yangu ya kwanza kazini alinipa fomu ya ukuta wenu ya miezi mitatu iliyotangulia, akaniambia, "Nakili hii, badilisha tarehe, weka sahihi yako kwa niaba yangu. Ukuta haukimbii." Nilikuwa nimetoka masomoni, niliogopa kuonekana mjuaji. Nikanakili. Mara ya pili ilikuwa rahisi. Nimefanya hivyo mara kumi na moja, mjomba. Mara kumi na moja nimeandika kwamba ukuta ambao sijausogelea tangu niajiriwe hauna ufa, haujainama, na unatoa maji. Ule mkia ni ufa. Mwongozo wetu unasema ufa ukipitisha kidole watu wanahamishwa siku hiyohiyo. Niliyajua hayo nilipokuuliza kama kidole kinaingia.

Tafadhali vizibue vitundu. Anza na safu ya chini. Ila fanya taratibu, usikusanye watu, na usimweleze mtu yeyote kwamba mimi nimesema. Ukiulizwa, sema picha zimekosa maji. Kama unaweza, wewe na mkaza mjomba laleni kwa muda upande wa barabarani, mseme chumba kina kunguni. Fundi viatu naye asogeze kiti chake mbali. Mtafutie sababu nyingine.

Ningeituma kwa njia ya haraka, lakini dirisha la haraka wanaandika jina la mtumaji kwenye daftari. Nimebandika stempu ya kawaida. Karani wa posta amesema siku nne, pengine tano.

Choma.

Mpwa wako.


Jumapili, 6 Aprili

Kwa mpwa wa mume wangu,

Barua yako imefika Jumatano. Ukuta ulianguka Jumatatu, saa tisa alasiri.

Sijui kuandika kwa mapambo kama ninyi wawili, kwa hiyo utayapata kama yalivyo. Mvua ilinyesha siku kumi na mbili. Jumatatu ilipumzika, jua likatoka, fundi viatu akatoa kiti chake nje ashone kiatu cha mtu aliyekuwa anangoja. Mwenye kiatu alikwenda kununua sigara, ndiyo maana yuko hai. Nilikuwa kwenye cherehani. Nilisikia kama mtu anachana kitambaa kizito, nikatazama kitambaa changu, kilikuwa kizima. Halafu kilima kikaingia ndani.

Amekufa fundi viatu. Amekufa muuguzi wa chumba cha mwisho, aliyekuwa amelala kwa sababu alikesha zamu. Vyumba vitatu havipo. Chetu kimebaki nusu, ile yenye cherehani. Mjomba wako alikuwa bombani, akarudi akichimba kwa mikono, akimwita fundi viatu na kuweka sikio chini kwenye udongo, yeye ambaye hasikii hata mlango ukigongwa. Kucha zake hazipo.

Siku ya pili wakaja askari na watu wa ofisi yenu. Vipande vya ukuta vilikuwa vimelala na magunia yakichungulia kwenye vitundu. Wakauliza nani ameziba. Akasema, "Mimi." Wakauliza, "Nani alikutuma?" Akasema hakuna. Wakadhani hajasikia, wakampigia kelele sikioni, "Nani alikutuma, mzee?" Akasema tena, hakuna, nilitaka picha zangu zisiharibike. Nimeishi na mwanamume huyo miaka thelathini na moja. Hajawahi kuwa na wazo lenye saruji ndani yake.

Kituoni bwana mmoja wa ofisi yenu aliweka karatasi mezani. Zinasema ukuta ulikuwa mzima miaka mitatu mfululizo, hauna ufa, unatoa maji vizuri, mpaka mume wangu alipouziba. Nikaona sahihi chini yake, na vile vifundo unavyovifunga mwisho wa jina. Nimekufundisha mimi vifundo hivyo, kwenye uzi, kabla hujajua kalamu.

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama posta. Niliisoma mara mbili. Kisha nikampelekea mahabusu, maana ni yake. Niliipitisha chini ya bakuli la chakula. Akaisoma polepole, akaikunja, akaitia mdomoni. Humo ndani hana moto wa kuichomea. Akaitafuna yote mbele yangu, na stempu yake, akiitazama milango. Askari akasema, "Mzee ana njaa huyo, mwongezeeni." Alipomaliza akaniambia, "Usimsumbue mtoto."

Wewe namba yangu ya simu unayo. Ulinipigia sikukuu iliyopita ukaniuliza bei ya kitambaa. Mimi masikio yangu hayana ugonjwa.

Jumatatu tarehe 14 atasimama mbele ya hakimu. Wanasema ni kuua bila kukusudia, na kwa umri wake maana yake ni kwamba atatoka huko amebebwa. Zile barua za mwanzo zilichomwa, na hii ameila. Sina karatasi hata moja. Nina wewe tu, na sijui kama wewe ni kitu mtu anachoweza kuwa nacho.

Naandika kutoka darasa la kwanza la shule walikotuhifadhi, ng'ambo ya barabara.

Mke wa mjomba wako.


Alhamisi, 10 Aprili

Mkaza mjomba,

Shikamoo. Sina haki ya kukuamkia, lakini sijui kuanza barua kwako kwa namna nyingine.

Ni kweli namba yako ninayo. Ile Jumatano niliketi stoo nikiwa nimeishika simu, jina lako limewaka. Nilijua ungepokea. Nilijua pia ungeuliza kwa nini, na wewe ukiuliza mtu hujibu. Nikazima, nikaenda kununua stempu. Sina maelezo mengine. Nimeyatafuta.

Naomba ujue yaliyotokea huku. Habari ilipofika, mkuu wa ofisi alituita wote akaniinua mbele ya watu. Akasema, "Faili lake ndilo lililotuokoa. Kumi na moja, hakuna hata moja iliyokosekana." Wakanipigia makofi. Mzee mkaguzi alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye akanifuata koridoni akasema kwa sauti ya chini, "Nyamaza, mtoto. Yule ni mzee, ameshakula chumvi yake. Wewe na mimi bado tuna watu wanaotutegemea." Nikamwambia, "Ndiyo, mzee." Hilo ndilo nililosema. Kisha akaniletea fomu ya kumi na mbili nikaijaza, kwamba hadi tarehe ishirini Machi vitundu vilikuwa wazi. Mkono safari hii haukukataa.

Barua yako uliyoituma kwa basi ilinikuta Jumatatu jioni. Jumanne asubuhi niliingia ofisini mapema, nikachukua faili lote, nikalifunga tumboni chini ya blauzi kwa mtandio, nikapanda basi. Humo zimo fomu zote kumi na mbili za ukuta wenu. Zimo pia fomu za kuta nyingine nne alizonipa mzee kwa mtindo uleule, ukiziweka pamoja utaona kwamba maneno ni yaleyale, hata kosa la koma liko mahali pamoja. Na zimo barua mbili za mjomba. Aliniamini akachoma zangu. Mimi zake nilizihifadhi, kwa sababu ni mtu wa mafaili, siwezi kuchoma karatasi. Ndani yake ameandika wazi kwamba aliziba kwa kuwa nilimwomba, na kwamba ufa ulikuwepo mwezi mzima kabla hajaziba. Kwa hiyo anayo ya kumtetea, ila yako kwangu.

Niko mji huu tangu Jumanne saa nane. Nilikwenda kituoni moja kwa moja. Nilipita mbele ya lango mara tatu. Mara ya nne niliingia, nikafika hadi kaunta, askari akauliza, "Shida yako nini, dada?" Nikasema natafuta choo. Akanionyesha. Niliingia, nikasimama humo na faili tumboni, nikatoka, nikamshukuru. Mjomba alikuwa nyuma ya ukuta wa choo hicho, pengine hatua kumi. Nilimsikia akikohoa. Jana nimerudi tena, sikufika hata kaunta. Leo asubuhi nilikwenda stendi badala yake, na nimeshajua basi la mpakani linaondoka saa ngapi. Najijua. Nikiachwa peke yangu na miguu yangu, nitalipanda.

Sikuombi msamaha, kwani ungekuwa mzigo mwingine juu ya uliyonayo. Naomba uje unichukue. Ukitoka getini kwa shule, shika barabara ya lami kushoto, upite duka la magodoro, halafu kinyozi. Baada ya kinyozi kuna nyumba ya wageni yenye mlango wa kijani na ngazi ya nje. Mapokezi usitaje jina langu, nimejiandikisha kwa jina la marehemu mama. Panda ngazi mpaka juu, chumba ni cha tisa, cha mwisho kulia. Nimeruhusiwa kukaa mpaka Jumapili saa nne asubuhi. Usije saa moja hadi saa mbili jioni, ndio muda ninaoshuka kutafuta chakula, na ndio muda ambao basi linaondoka.

Barua hii anakuletea mfagiaji wa hapa. Ni mama mtu mzima, mwaminifu, nimemwomba aiweke mkononi mwako, siyo mezani.

Faili liko chini ya godoro, upande wa dirishani. Hata kama sipo, mwambie mhudumu akufungulie ulichukue. Ila jitahidi unikute, maana karatasi zisizo na mwenyewe watasema ni za kughushi, na mimi ndiye ninayejua kuzisoma. Njoo na mtu wa kunishika mkono. Akiwa askari pia ni sawa, pengine ndiyo bora.

Nimeufunga mlango kwa komeo na kusogeza kitanda mbele yake, kwa hiyo bisha kwa nguvu. Nikinyamaza usiondoke. Nimo.

Mpwa wenu.